Mapigo Mawili ya Kengele ya Rozari

Efigênia alisikia kengele ya kifo chake siku ya Alhamisi, saa tatu na robo asubuhi, akiwa kitandani anapuliza uji wa mahindi.

Kengele kubwa ya kanisa la Rozari ilipiga mara moja, ikatulia muda wa kusali Salamu Maria nzima, ikapiga mara ya pili, ikanyamaza. Halafu ile ndogo ikafuata, mapigo matano ya haraka haraka. Katika mji wa Santa Quitéria da Serra hata mlevi aliyelala mtaroni anajua kusoma habari hiyo. Mapigo matatu, amekufa mwanamume. Mawili, mwanamke. Na ile ndogo ikifuata, basi marehemu ni wa Undugu wa Rozari, chama cha watu weusi waliolijenga kanisa hilo kwa mikono yao enzi za utumwa. Efigênia akaweka kijiko, akafanya ishara ya msalaba, akasema, "Raha ya milele umpe, ee Bwana," kisha akaanza kujiuliza ni nani.

Hesabu haikuwa ndefu. Wanawake wa Undugu walikuwa wamebaki watano. Mapacha wa Mtaa wa Juu walikuwa kwa mjukuu wao jijini Belo Horizonte, na jana yake walikuwa wamepiga simu wakitaka mtu awamwagilie maua, kwa hiyo walikuwa wazima na wasumbufu kama kawaida. Lalá, pamoja na miaka yake tisini na moja, jana alimaliza sahani mbili za maharage akaulizia ya tatu. Zulmira, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikuwa anasikika dakika ile ile uani akimtukana kuku. Aliyebaki ni mmoja, na huyo mmoja alikuwa na wiki ya tatu kitandani kwa nimonia.

"Ala!" akasema Efigênia peke yake. "Kumbe ni mimi."

Matusi ya kuku yakakatika. Hazikupita dakika kumi mlango ukasukumwa, Zulmira akaingia na gauni jeusi lililofungwa vifungo kombo, chupa ya kahawa mkono mmoja na sahani ya mikate ya jibini mkono wa pili, machozi yanamtiririka.

"Ooo Efi! Ooo mwenzangu! Umeniacha na nani mimi?"

"Na kuku wako," akajibu Efigênia kutoka kitandani.

Zulmira akapiga ukelele, mikate ya jibini ikatawanyika sakafuni. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Wewe mzima?"

"Njoo unishike uone."

"Sikushiki ng'o! Sema kwanza jina la mume wangu wa kwanza."

"Yule mwizi wa mbuzi? Nani atamsahau? Hebu mimina kahawa, bibi wee, marehemu ana kiu."

Nyuma ya Zulmira akatokea Seu Onofre, seremala, na viti vinne begani. Mfukoni mwake ilichungulia futi kamba. Alipoona maiti anakunywa kahawa, viti vilimteremka vyenyewe.

"Na hiyo futi ni ya nini, Seu Onofre?"

"Nilikuwa... napitia tu. Kuna mlango wa kupima huko mbele."

"Mlango wa mbinguni?"

Mpaka saa tatu na nusu uani walikuwa watu kumi na mmoja, na mishumaa, na sukari, na mtu mmoja aliyeleta sufuria asijue ataipikia nini. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Efigênia naye alicheka, akakohoa, akacheka tena. Jambo lingeishia hapo, likawa hadithi ya kuchekeshana siku za sikukuu, kama simu isingelia.

Alikuwa Jussara, binti yake wa pekee, kutoka Belo Horizonte. Mtu fulani mwenye kidole chepesi alikwishampelekea ujumbe. Jussara alikuwa amekaa kwenye ngazi za kiwanda anakoshona mashati, wenzake wamemshika huku na huku, na aliposikia sauti ya mama yake akaangua kilio. Efigênia akaisikiliza sauti ya mwanawe akimlilia, kitu ambacho mzazi hapaswi kukisikia hapa duniani, na akaacha kucheka.

"Nyamaza mwanangu. Nipo. Nimesema nipo." Akakata simu. Akawatazama wale watu kumi na mmoja. "Nani amepiga kengele ile?"

Wote walijua. Kamba ya kengele ya Rozari ilikuwa na mkono mmoja tu: Wanderlei, mwana wa ubatizo wa Efigênia mwenyewe.

Anayetaka kuielewa hasira ya mama huyu hana budi amjue alivyoishi. Alizaliwa kwenye mteremko wa chini ya kanisa lile. Akiwa na miaka kumi na mmoja alibeba beseni pamoja na mama yake kwenda kijitoni kufua vitambaa vya altare, na aliendelea kufua na kupiga pasi kwa miaka hamsini na minane. Alivitia wanga wa muhogo, akavinyoosha kwa pasi ya mkaa hata umeme ulipokwishafika, kwa sababu pasi ya umeme, kwa maneno yake, inapapasa tu. Mapadri kumi na wawili walipita mikononi mwake, naye aliwajua wote kwa madoa: huyu wa divai, huyu wa kahawa, huyu wa vitu ambavyo hakuvisema kwa mtu.

Mumewe, Laudelino, ndiye aliyekuwa mpiga kengele kwa miaka arobaini na mitatu. Sikio lake la kulia lilikufa kwa kazi hiyo. Ukitaka kumgombeza ulisimama kushoto kwake, ukitaka kumsengenya ulisimama kulia. Laudelino hakuwa mtu wa maneno, lakini neno moja alilisema mara nyingi: kengele haidanganyi. Watu watadanganya, magazeti ndiyo usiseme, lakini kengele ikisema mtu amekufa, vaa viatu.

Na kulikuwa na jambo la zamani zaidi ya Laudelino. Kitabu cha Undugu, kilichoandikwa enzi za watumwa, kilisema kwamba kila mwana wa Rozari, awe mtumwa au aliyejikomboa, atapigiwa kengele ile ile kwa mapigo yale yale. Fikiria maana yake. Siku zile mtu mweusi aliweza kuuzwa pamoja na ng'ombe kwenye karatasi moja. Mchana alichimba dhahabu ya wengine, usiku akabeba mawe ya kanisa lake mwenyewe kupandisha mlima. Jina la ukoo lilikuwa la bwana, watoto walikuwa wa bwana. Lakini siku alipokufa mapigo yake yalilingana na ya mke wa bwana, na mji mzima, bwana akiwemo, ulisimama dakika moja ukaambiwa kwamba ameondoka mtu. Bibi yake Efigênia alimsimulia hayo kijitoni, na aliyasimulia kwa kiburi, siyo kwa huzuni.

Basi hicho ndicho kitu alichokuwa nacho. Nyumba ilikuwa ya kupanga. Mume alikuwa chini ya ardhi. Mapafu yalikuwa ya kuazima. Lakini mapigo mawili yalikuwa yake, yakimngoja, na siku hiyo ya Alhamisi mtu alikuwa ameyachukua akayatumia.

"Zulmira, nipe ile nguo nyeusi. Na kepu ya Undugu, lile vazi la mabegani, iko sandukuni chini kabisa."

"Ile ya buluu? Efi, si umeiweka ya kuzikiwa?"

"Na mimi si nimekufa?"

Walimkataza. Daktari alisema hivi, upepo wa mlimani uko vile. Ilikuwa sawa na kuikataza mvua. Akavaa, akamshika Zulmira mkono na Seu Onofre mkono wa pili, wakaanza kupanda barabara ya mawe. Wale wengine wakafuata nyuma na mishumaa yao na viti vyao, maana hakuna aliyejua aviache wapi. Ulikuwa msiba kamili, isipokuwa maiti alikuwa anatembea mbele na kutukana. Wanaume waliokaa dukani walivua kofia, wakazivaa, wakazivua tena.

Tangu kanisa lilipokarabatiwa na kufunguliwa kwa watalii, mlangoni kulikuwa na meza, kamba nyekundu, na kikapu cha soksi za kitambaa. Nyuma ya meza alisimama Heitor, msimamizi wa ziara, kijana wa mji mkuu mwenye kitambulisho kifuani na meno mazuri. Ukweli usemwe, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na adabu nyingi, na adabu nyingi mahali pasipo pake inaudhi kuliko tusi.

"Karibuni, karibuni sana! Kundi linalofuata ni saa nne. Senhora, nitakuomba uvae soksi hizi juu ya viatu. Sakafu yetu ni ya kale."

"Sakafu ya nani?"

"Yetu. Ya wote. Ni urithi."

"Kijana, sakafu hii nimeisugua kwa magoti. Chini ya ubao ule wa kumi na saba amelala mama wa bibi yangu, na hajawahi kulalamikia viatu vyangu. Kaa pembeni."

Akapita chini ya kamba. Zulmira akapita, viti vikapita, mishumaa ikapita. Ndani kulikuwa na wageni kama ishirini, wamekaa kwenye mabenchi ya mbele, wametulia vizuri, na mama mmoja wa makamo alikuwa anafuta macho kwa leso. Wenye simu wakazielekeza kwa Efigênia. Yawezekana walidhani naye ni sehemu ya ziara. Yule mama mwenye leso akainuka akaja taratibu.

"Samahani, bibi. Tumesikia kengele ya msiba, imetugusa sana. Aliyekufa ni nani?"

"Mimi," akasema Efigênia. "Saa tatu na robo."

Mmoja akacheka. Kisha akaona sura za wale watu kumi na mmoja wenye mishumaa, akaacha.

Mlango mdogo wa mnara ukafunguka, Wanderlei akatoka akijipangusa mikono. Mwanamume wa miaka thelathini na mingi, mabega mapana, baba wa watoto wawili. Alipoiona ile kepu ya buluu akasimama. Maneno yakamtoka yale yale ya tangu utotoni: "Nibariki, mama wa ubatizo."

"Marehemu habariki mtu. Sema. Umempigia nani?"

"Sikumpigia mtu, mama. Wageni waliomba."

"Wageni waliomba nini?"

Heitor akaingilia kati kwa ile adabu yake. "Senhora, niruhusu nieleze. Hiyo haikuwa kengele ya kifo. Lilikuwa onyesho la sauti. Kwanza tuliwapigia ya sikukuu, lakini wageni walipenda kusikia kitu chenye... chenye hisia zaidi."

"Onyesho," akasema Efigênia. Alilitamka neno hilo kama mtu anayetoa mwiba wa samaki mdomoni. "Binti yangu amekaa kwenye ngazi huko Belo Horizonte anamlilia mama yake kwa onyesho. Huyu hapa amekuja na futi ya kunipima jeneza. Kwa onyesho! Wanderlei, nitazame. Uliijua maana yake?"

"Niliijua."

"Na ndogo ukaifuatisha. Ungeweza kupiga ya mwanamume. Ungeweza kupiga mawili ukaacha. Kwa nini ya Rozari?"

Wanderlei akatazama viatu vyake. Hakuwa mwongo, na hilo ndilo lililomponza.

"Niliwaza, mama. Nikasema nikipiga ya mwanamume, mji mzima utashtuka, kila nyumba ina mzee. Nikipiga ya kina mama wa kanisa kubwa, wako mia mbili. Lakini nyinyi wa Rozari... mmebaki watano tu. Nikaona watakaosumbuka ni wachache."

Zulmira, ambaye hanyamazi akiwa usingizini, alimshika tu Efigênia mkono.

"Kwa hiyo mlituchagua kwa uchache wetu," akasema Efigênia. Sauti ilikuwa imeshuka. "Wazee wetu walibeba mawe haya usiku ili wapate kengele moja ya kuwaita watu. Moja! Nasi tumepungua, basi kengele imekuwa ya bure, mtu yeyote achukue. Laudelino alikushika mkono akakufundisha kamba hiyo. Siku alipokufa ulimpigia ukilia, ukakosea ukapiga manne, na mji mzima ukakusamehe kwa sababu ulikuwa unalia kweli. Leo umepiga vizuri kabisa. Hukukosea hata moja."

Wanderlei alikuwa analia sasa, lakini hapakuwa na wa kumwonea huruma.

Heitor alitaka kutengeneza mambo. Watu wa aina yake huamini kila kitu kina utaratibu wake. Akasema wataweka ubao mlangoni, ulioandikwa vizuri, kwamba leo kengele inapigwa kwa ajili ya wageni.

"Ubao? Kengele inasikika mpaka ng'ambo ya mto. Ubao wako unasikika wapi?"

"Basi tuweke saa maalumu. Tuseme Jumamosi tu, saa nne kamili. Kila mtu mjini ataambiwa, na hakuna atakayeshtuka."

"Na kifo nacho utakiambia kisije Jumamosi?"

Heitor akatabasamu akidhani ni utani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale Santa Quitéria wageni walikuja, mwenyeji akafa akiwa anakula uji.

Jumapili ya wiki ile ile Efigênia alimwendea padri, ambaye alikuwa na miji mitano ya kuhudumia na gari moja bovu. Padri alimsikiliza akiwa ameshika ufunguo wa gari. Akasema dada, paa hili limekarabatiwa kwa sababu ya wageni. Akasema ni Jumamosi moja tu kwa wiki. Akasema anamwombea afya. Efigênia akatoka hapo amevimba kwa hasira. Akaenda kwa Lalá, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, akapiga kelele sikioni mwake kwa nusu saa nzima. Lalá, ambaye masikio yalimwacha zamani, akamshika mkono.

"Mimi siisikii kengele," akasema. "Lakini najua ikinipigia mtakuja."

Zikapita Jumamosi tatu. Saa nne kamili Wanderlei, mwenye watoto wawili wa kulisha, alipiga kubwa mara mbili, ndogo ikafuata. Jumamosi ya kwanza watu walitoka milangoni wakakunja nyuso. Ya pili walitazama saa ukutani. Ya tatu mwenye kusuka alisuka, mwenye kukaanga alikaanga. Kawaida ni kama sheria. Efigênia peke yake ndiye aliyesimama kila mara, katikati ya sebule, mikono kiunoni, akatukana mpaka mlio ukaisha. Alikuwa amepona, na hasira ilimsaidia kuliko dawa za hospitali.

Jumamosi ya nne alikuwa amelaza mashuka mezani tangu asubuhi, anapiga pasi, maana Jussara alikuwa anakuja kumwona kesho yake. Ilikuwa kama saa mbili kengele ilipopiga. Kubwa, mara moja. Kimya cha Salamu Maria. Kubwa, mara ya pili. Halafu ndogo.

Efigênia akasonya. "Leo wameanza mapema," akasema. Hata hakusimama wima. Akapindua shuka, akarusha maji kwa vidole, akaendelea. Ukutani kwa jirani Zulmira naye alisikika akisema na kuku wake.

Alipiga pasi mashuka manne na foronya zake. Alichemsha maziwa. Ilipokaribia saa nne akajiweka sawa kwa matusi, maana aliwajua watu wale, wangerudia tena kwa kundi la pili. Saa nne ikafika. Akasubiri na mikono kiunoni. Saa ya ukutani ikasogea dakika tano, ikasogea kumi. Mnara haukusema kitu.

Hapo ndipo alipoelewa. Wanderlei aligoma kupiga ya wageni, na mpiga kengele hugoma kwa sababu moja tu: yupo maiti wa kweli. Ile ya saa mbili ilikuwa ya kweli.

Hakuvua hata aproni. Nyumba ya Lalá ilikuwa mtaa wa tatu kushuka, na alikimbia, mwanamke wa miaka sabini na tisa, akishikilia kuta. Mlango ulikuwa wazi. Sebule ilikuwa imefagiliwa, viti ishirini vimepangwa, sufuria kubwa ya kahawa iko mezani na mfuniko wake. Lalá alilazwa katikati na kepu yake ya buluu. Karibu naye alikaa Neusa, binti yake. Kwenye kiti cha mwisho, kofia mikononi, alikaa Wanderlei. Viti vingine vilikuwa vitupu.

"Alikata roho alfajiri," akasema Neusa. "Nikamwambia Wanderlei apige. Nikapanga viti. Nikasema, Dona Efi atakuwa wa kwanza kuja, yeye hata akiwa mgonjwa atakuja." Akatazama saa yake ya mkononi. "Labda hukusikia, Dona Efi. Upepo leo unavuma kwingine."

Upenyo wa kutokea ulikuwa huo, na ulikuwa mpana. Efigênia hakuupita.

"Nilisikia, Neusa. Nilisikia vizuri. Nikasonya, nikaendelea kupiga pasi."

Neusa akainuka. Akafunua sufuria, akammiminia kahawa, akampa. Efigênia akakaa na kikombe mapajani na hakuweza kuinywa kahawa. Alikuwa amewakasirikia watu wengi mwezi ule: Heitor, padri, wageni na simu zao, Wanderlei. Hakuwahi kujikasirikia mwenyewe mpaka asubuhi ile, na hasira hiyo haikuwa na mtu wa kumpigia kelele.

Akaweka kikombe chini, akamwambia Wanderlei, "Simama."

Wakatoka wawili, mlango kwa mlango. Aligonga yeye mwenyewe. Zulmira alifungua na unga mikononi: "Lalá? Lakini nilidhani ni wageni!" Seu Onofre alisema alidhani ni wageni. Mwenye duka alidhani ni wageni. Nyumba ya saba Efigênia hakuwangojea tena waseme, alisema tu, "Ni kweli, amekufa Lalá," akageuka. Walikuja. Kufikia saa sita viti ishirini havikutosha, na kila aliyeingia aliingia ameinamisha kichwa mbele ya Neusa, kwa sababu kuchelewa msibani huku kwetu si kosa dogo.

Heitor naye alikuja, amevua kitambulisho. "Nasikitika sana, Senhora. Ningejua kama..."

"Ungejuaje?" akasema Efigênia. "Kulikuwa na njia moja tu ya kujua, na umeivunja."

Hakumtukana. Heitor alionekana kama mtu ambaye angependelea kutukanwa. Akasimama ukutani na wengine mpaka jeneza likatoka.

Baada ya mazishi Efigênia alirudi nyumbani, Wanderlei akimshika mkono kwenye mawe. Mlangoni akamzuia asiondoke.

"Wanderlei."

"Naam, mama."

"Siku yangu usiguse kamba."

"Usiseme hivyo, mama wa ubatizo. Nimeapa mbele ya Lalá, wageni sitawapigia tena hata wanifukuze. Mapigo yale ni haki yako."

"Yalikuwa. Sasa nani atayaamini? Mimi mwenyewe sikuyaamini, na nimezaliwa chini ya kengele ile." Akamtazama usoni, macho makavu. "Utakwenda kwa miguu yako. Utagonga, utasema kwa mdomo wako: Efigênia wa Laudelino amekufa, ni kweli, njooni. Utaanzia wapi?"

Wanderlei akavua kofia. "Kwa Dona Zulmira."

"Zulmira ataniona kabla yako. Anza ng'ambo ya mto, kule mwisho kengele ilikokuwa inafika."

"Ng'ambo ya mto," akarudia. "Kwa kina Teodoro. Halafu kwa mwalimu. Halafu kwa mwenye kinu..."

"Umemruka mjane wa Mtaa wa Daraja. Anza upya."

Wanderlei akaanza upya. Akazitaja nyumba moja moja, zote, mpaka akafika ya mwisho, na kila aliporuka moja Efigênia alimrudisha mwanzo.